Hewa Kwanza: Mazungumzo Juu ya Kumwokoa Aliyepoteza Fahamu Nyumbani



Mmezoea kutuona tukija na habari za bei ya mafuta, za uzito wa mitungi ya gesi na za haki ya mteja kudai stakabadhi. Leo tumekuja na jambo lisilo na bei wala stakabadhi. Tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyepoteza fahamu: nani amkaribie, amkaribie vipi, na afanye nini katika dakika zile chache kabla gari halijapatikana.

Pengine mtu atauliza: "Ninyi ni watu wa mafuta, gesi na umeme, huduma ya kwanza si kazi ya waganga?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba nishati huingia ndani ya nyumba ya mteja, na ikitumiwa vibaya humwangusha mtu kabla mganga hajapata habari. Anayekuwapo wakati huo ni mtumiaji mwenyewe, au jirani yake, au mtoto wake wa darasa la sita. Hao ndio tunaosema nao leo.

Jiko lisilotoa moshi

Mji wa Morogoro uko mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake linajulikana. Lakini anayepanda kwenda Mgeta hubadilisha hali ya hewa katika saa chache tu, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nyandira na Tchenzema humfanya mtu alale na blanketi mbili. Ndipo jiko la mkaa lililopikiwa ugali na maharage jioni linapobebwa na kuingizwa chumbani ili litie joto. Dirisha hufungwa, kitambaa hushindiliwa chini ya mlango kuzuia upepo, na watu hulala.

Wengi huamini kwamba mkaa ukishashika ukawa mwekundu bila moshi, hatari yake imekwisha. Kosa kubwa liko hapo. Moshi una hatari yake, lakini hauna siri: huonekana, hukereketa koo, huwasha macho, na humfukuza mtu atoke nje. Gesi iitwayo kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala haiwashi. Huzaliwa pale mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na kaa jekundu lisilo na moshi hata chembe huitoa vilevile. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo unaendelea kusukuma damu, lakini damu hiyo haina tena cha kupeleka kwenye ubongo.

Dalili zake za mwanzo hufanana na za magonjwa mengine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, miguu kulegea. Mtu hudhani ni malaria, au chakula kibaya, au kazi ya shamba ya mchana. Iko alama moja ya kuzitofautisha. Malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja katika usiku mmoja. Ikiwa wote mnaumwa kichwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute mchawi wala msilaumu mboga. Lishukuni jiko. Na anayezidiwa akiwa usingizini hapati hata nafasi ya kusema kwamba anaumwa.

Kabla ya kumgusa, uliza nini kimemwangusha

Chukueni mfano wa nyumba moja mlimani, mwezi wa Julai. Mama amelala na watoto wake wawili, jiko likiwa chumbani. Alfajiri shangazi wa watoto, anayelala chumba cha pili, anabisha hodi wala haitikiwi. Anasukuma mlango, anawaona wamelala kimya, anaingia, anapiga magoti, anawatikisa, anaita majina yao. Anaita tena. Baada ya muda yeye naye anahisi kichwa kizito, na anapotaka kusimama magoti yanakataa. Jirani atakayefika atakuta watu wanne, si watatu.

Shangazi hakukosa upendo wala ujasiri. Alikosa swali moja, nalo ndilo swali la kwanza la huduma ya kwanza: kilichomwangusha huyu ni nini, na je, bado kipo hapa?

Morogoro haihitaji kufundishwa na mgeni uzito wa swali hilo. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka hapa Msamvu. Watu walikusanyika, na moto ulipolipuka uliwachukua wenzetu zaidi ya 100. Wengi wamezikwa katika makaburi ya Kola, na wapo kati yenu mliobeba majeneza yale. Hatuwataji marehemu ili kuwalaumu. Tunawataja kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mahali macho hayauoni, na cheche moja humfikia aliyekwenda kuchota sawasawa na aliyekwenda kumtoa dereva. Hatari haichunguzi nia ya mtu.

Basi ukimkuta mtu amelala na haitikii, simama pumzi mbili mlangoni. Tazama. Nusa. Sikiliza. Je, kuna jiko la mkaa au jenereta linalounguruma ndani? Kuna harufu ya gesi ya kupikia? Kuna waya uliokatika? Kuna moto? Pumzi mbili hizo hazitampunguzia mgonjwa maisha, lakini zaweza kukuongezea wewe.

Ikiwa ni jiko la mkaa au jenereta, piga kelele ya kuita watu, kisha fungua mlango wote na madirisha yote, ikiwezekana kutokea nje. Vuta pumzi ndefu ukiwa nje, ingia haraka, mshike mtu chini ya makwapa au mvute kwa mkeka au blanketi aliyolalia, umtoe kwenye hewa safi. Usipige magoti humo ndani kumpima. Mtu hutoka kwanza. Jiko hutolewa baadaye.

Ikiwa ni gesi ya mtungi, hatua zabadilika kidogo. Gesi hiyo kwa asili haina harufu; ile harufu kali mnayoisikia imetiwa makusudi ili iwaonye. Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa chini sakafuni, palepale alipolala aliyezimia. Usiwashe kiberiti, usiwashe taa wala kuizima, usipige simu ukiwa ndani. Fungua milango, funga koki ya mtungi ikiwa unaifikia kwa urahisi, na umtoe mtu nje.

Ikiwa ni umeme, usimguse kabla hujazima swichi kuu. Na ikiwa nyumba inawaka moto au imejaa moshi mzito, usiingie. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mwite, kisha tazama pumzi

Mgonjwa yuko nje sasa, amelala chali juu ya ardhi ngumu. Piga magoti kando yake. Mshike mabega, mwite kwa sauti: "Mama, unanisikia? Fumbua macho!" Asipoitika wala kujigeuza, amepoteza fahamu.

Hapo mtume mtu mwingine apige simu. Usiseme "mtu fulani apige simu", kwa maana katika kundi kila mmoja atamngoja mwenzake. Mwite mmoja kwa jina: "Juma, piga 112, useme tuko wapi, kisha urudi uniambie umejibiwa nini." Namba 112 ni ya dharura ya Polisi. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga ipo 115, ya usafiri wa dharura. Zote hupigwa bila malipo.

Wakati Juma anapiga simu, weka kiganja kimoja juu ya paji la uso la mgonjwa, na vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu. Kiinamishe kichwa nyuma polepole, ukiinua kidevu. Mtu aliyezimia hulegea misuli yote, na ulimi ni msuli: hurudi nyuma na kuziba koo kama kizibo cha chupa. Wapo waliokufa si kwa kilichowaangusha, bali kwa ulimi wao wenyewe, wakati watu wamewazunguka wakilia.

Kisha weka shavu lako karibu na mdomo wake, macho yakitazama kifua. Kwa muda usiozidi sekunde 10, tazama kama kifua kinapanda na kushuka, sikiliza pumzi, hisi joto lake shavuni. Jihadhari na jambo moja. Kutweta kwa vipindi, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Anayetweta hivyo mhesabu kuwa hapumui.

Anayepumua alazwe ubavu

Ikiwa anapumua vizuri, usimwache chali na wala usimkalishe. Akitapika akiwa chali, matapishi yataingia mapafuni.

Nyoosha miguu yake. Mkono wake ulio karibu nawe upeleke pembeni, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kiganja kikitazama juu. Chukua mkono wake wa upande wa pili, uupitishe juu ya kifua, na mgongo wa kiganja chake uuweke kwenye shavu lililo upande wako, uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali mpaka wayo ukanyage chini, kisha livute goti hilo kuelekea kwako. Mwili wote utageuka bila kutumia nguvu nyingi. Mtoto wa miaka 12 aweza kumgeuza baba yake kwa njia hii, nasi tutawaonyesha hivi punde.

Akishalala ubavu, inamisha kichwa chake nyuma kidogo tena ili koo libaki wazi, na mdomo uelekee chini ili kinachotoka kitoke. Mama mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Mfunike kwa khanga au blanketi. Usiondoke, mtazame pumzi kila dakika mpaka msaada ufike.

Asiyepumua akandamizwe kifua

Ikiwa hapumui, mrudishe chali. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, na mabega yako yawe juu ya mikono yako. Kandamiza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kipande chote kabla ya kukandamiza tena. Kasi yake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Baada ya mara 30, inamisha kichwa nyuma, bana pua, puliza pumzi 2 mdomoni huku ukitazama kifua kikipanda. Kisha 30 tena.

Mtu aliyeangushwa na hewa mbaya anahitaji sana pumzi hizo. Hata hivyo, kama huwezi au unaogopa kupuliza, kandamiza bila kukoma. Hilo ni bora kuliko kutofanya lolote. Kwa mtoto tumia mkono mmoja, kwa mchanga vidole gumba viwili, na kifua kishuke kiasi cha theluthi ya unene wake. Kazi hii huchosha, hivyo mpokezane kila dakika mbili. Msiache mpaka apumue, au mhudumu wa afya awapokee, au nguvu ziwaishie kabisa.

Wengine huogopa kwamba watamvunja mbavu, au kwamba akifa watu watasema ninyi ndio mliomuua. Tunawaambia waziwazi: asiyepumua yuko ukingoni kabisa mwa mauti. Mbavu hupona.

Mambo ya upendo yanayodhuru

Sasa tuseme yale ambayo wengi wetu tumeyarithi. Hatuwacheki wazee waliotufundisha. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini yanayodhuru yaachwe.

Usimpe aliyezimia kitu chochote mdomoni: si maji, si chai ya sukari, si maziwa. Maziwa hayaondoi gesi iliyo katika damu. Aliyezimia hawezi kumeza, na kinachomiminwa kinywani mwake huenda mapafuni. Usimwekee kitunguu puani. Anahitaji hewa, na kitunguu kinachukua nafasi yake. Usimmwagie ndoo ya maji ya baridi ya Uluguru, wala usimpige makofi. Usimtie kijiko kati ya meno. Na ninyi mnaozunguka, rudini nyuma: duara la watu 20 wenye huruma humnyima mgonjwa upepo na humziba macho anayemhudumia.

Kumshusha mlimani

Tunajua kwamba ushauri wa vitabu huandikwa kwa watu ambao gari la wagonjwa huwafikia mlangoni. Kwenu barabara huweza kuwa na utelezi, na njia nyingine hazipitiki hata kwa pikipiki. Wakati mwingine mgonjwa hupakiwa mshikaki kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Kwa mtu asiye na fahamu, safari hiyo yaweza kummalizia pumzi alizobakiwa nazo.

Kama njia pekee ni mabega ya watu, tumieni machela ya miti na blanketi, naye alale ubavu, mtu mmoja akitembea usawa wa kichwa akitazama pumzi. Kama ni gari la mizigo ya mboga, alazwe ubavu juu ya godoro au magunia laini. Kila kitongoji kiwe na namba za simu za zahanati, za mwenye gari na za vijana wa kubeba machela, zimeandikwa ukutani kabla ya siku ya kilio.

Mkimfikisha, semeni neno hili kabla hamjaulizwa: "Alikuwa chumbani na jiko la mkaa," na tangu saa ngapi. Mganga asipoambiwa, aweza kutafuta malaria huku oksijeni ndiyo dawa. Na mtu aliyezinduka njiani akasema "nimepona, turudi", msirudi naye. Madhara ya gesi hii kwenye ubongo huweza kujitokeza siku nyingi baadaye, na kwa mjamzito mtoto tumboni huumia kuliko mama anavyojisikia.

Kabla ya usiku wa leo

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Tunaufanyia kazi. Lakini hatutawadanganya kwamba kila nyumba ya mlimani itakuwa na mtungi wa gesi kesho asubuhi. Mkaa bado upo, na baridi ipo. Kwa hiyo tunawaomba mambo yasiyo na gharama. Pikeni nje au mlango ukiwa wazi. Jiko litoke nje kabla mtu hajalala, hata likifunikwa majivu, kwa kuwa majivu hayaizuii gesi. Tieni joto kwa blanketi na kwa kulala pamoja. Jenereta la dukani likae nje, mbali na dirisha. Na mwenye mtungi aukague mpira wake, na kila usiku afunge koki.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Nasi tunaongeza kwamba ikitokea kinga imeshindwa, jirani aliyejifunza ni bora kuliko jirani anayelia.

Tumesema vya kutosha. Mambo haya hayakai kichwani mpaka mikono iyafanye. Mkeka umetandikwa hapa mbele. Tunaomba mama mmoja na kijana mmoja wajitolee: mmoja alale, mwingine amgeuze. Wakimaliza, kila mmoja wenu amgeuze aliyeketi kando yake, nasi hatutaondoka mpaka wote mmeweza.